Kiraka Hakikuvunjika



Mwishoni mwa msimu wa kusi uliopita, dada yangu aliniletea swali ambalo sikuwa na jawabu lake. Mimi nimezoea kuulizwa juu ya mirathi, eda na talaka, na nikikosa jawabu hufungua kitabu. Swali hili halikuwemo katika kitabu chochote cha makabati yangu. Aliketi barazani, hakuigusa hata kahawa niliyommiminia, akaniambia: "Kaka, kitu kigumu kama mwamba, nimekigonga kwa mkono wangu mwenyewe. Kimemwachaje mwanangu majini?"

Mwanawe, yaani mpwa wangu, ana boti la faiba alilolinunua baada ya kuweka akiba kwa miaka mingi. Huvulia, na siku ambazo samaki ni haba huchukua abiria na mizigo baina ya Lamu na vijiji vya kisiwa cha Pate. Siku moja maji yakiwa yamekupwa boti liligonga mwamba, likapata ufa karibu na mkuku, urefu wake kama dhiraa moja. Alilipeleka kwenye karakana ambayo sina haja ya kuitaja. Wakalitia kiraka kwa siku moja tu na kumkabidhi likiwa limepakwa rangi mpya. Dada yangu alikwenda kulitazama. Alikigonga kiraka kwa kifundo cha kidole, akakikuta kigumu kuliko boti lenyewe, akashukuru.

Siku ya tatu baada ya kurudi majini, kiraka kilibanduka katikati ya safari. Ndani ya boti mlikuwa na watu saba, mmoja wao mama aliyempakata mtoto wa miezi minne. Mpwa wangu alivua kikoi chake akakisokomeza penye tundu, mzee mmoja akaketi juu yake kwa uzito wake wote, na waliobaki wakafua maji kwa ndoo ya samaki hadi mashua iliyokuwa ikipita ikawafikia. Hakuna aliyefariki, alhamdulillah. Lakini tangu siku hiyo dada yangu alimpiga mwanawe marufuku ya bahari, na kijana mwenye mke na watoto wawili akawa anashinda barazani, boti limelala kifudifudi mchangani.

Nilimwahidi dada yangu kwamba nitamtafutia jawabu. Niliyoyapata nayaandika hapa, kwa kuwa hapana nyumba katika mwambao wetu isiyotumia kitu cha namna hii: kama si boti, basi ni kofia ya bodaboda.

Nilikwenda kwa fundi mmoja mzee aliyejenga mashua za mbao kwa miaka mingi kabla ya kuhamia faiba. Nilimpelekea kile kiraka, kwa maana kilikuwa kimeokotwa ndani ya boti. Alikigeuza, akapitisha kidole upande wa ndani, akakirejesha mapajani mwangu. "Tazama, Sheikh," akasema. "Kiraka hakikuvunjika."

Ni kweli. Kilikuwa kizima kama sahani. Upande wa ndani ulikuwa laini unaong'aa, na juu yake umeganda utando mwembamba wa rangi ya zamani ya boti. Kilibanduka kama ganda linavyobanduka kwenye yai la kuchemsha. Dada yangu alikuwa amekigonga kitu kigumu kweli. Ugumu ule haukuwa ndio uliotakiwa.

Katika mazungumzo ya kila siku huchanganya sifa mbili ambazo wahandisi huzitenga kwa makini. Ya kwanza ni nguvu, yaani uwezo wa kitu kubeba mzigo kabla ya kukatika. Ya pili nitaiita ustahimilivu: uwezo wa kitu ambacho kimekwisha kupata ufa kuuzuia ufa ule usikimbie. Bilauri ya kioo ina nguvu. Pandanisha juu yake sahani kumi, itazibeba. Lakini ikianguka sakafuni hupasuka vipande hamsini, kwa kuwa ufa ukishaanza ndani ya kioo hapana cha kuusimamisha. Kandambili ni kinyume chake. Utaipinda, utaikanyaga, utaitupia mbali, wala haipasuki. Lakini hakuna seremala atakayejenga rafu kwa kandambili. Kazi ngumu ni kupata sifa zote mbili katika kitu kimoja, kwa sababu aghalabu ukiongeza moja, nyingine hupungua.

Ili tufahamu ufa unavyofanya kazi, twende dukani kwa muuza vitambaa. Akitaka kugawa kitambaa, hahangaiki na mkasi toka mwanzo hadi mwisho. Hutia mkasi pembeni kidogo tu, kisha hushika pande mbili akavuta, na kitambaa hupasuka kwa mstari mmoja hadi mwisho wake. Kitambaa kile kile, kabla ya kutiwa mkasi, hata vijana wawili wangekivuta wasikipasue. Nyuzi hazikupungua nguvu. Kilichobadilika ni kwamba nguvu yote ya mikono, iliyokuwa imegawanyika juu ya maelfu ya nyuzi, sasa hukusanyika penye ncha ya mchaniko juu ya nyuzi mbili tatu. Hizo zikikatika, zamu huwa ya zinazofuata.

Jambo hili lilifanyiwa hesabu na mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya serikali ya mambo ya ndege huko Farnborough. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1921. Alijiuliza kwa nini kioo hukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao chembe zake, kwa hesabu, zingeweza kuuhimili. Alivuta kioo kilichoyeyushwa akafanya nyuzi za unene mbalimbali, akapima kila uzi hukatika kwa mzigo wa kiasi gani. Nyuzi za unene wa milimita moja zilikuwa dhaifu kama kioo cha kawaida. Kadiri alivyozidi kuzifanya nyembamba ndivyo zilivyozidi kuwa na nguvu, hata zile nyembamba kabisa, ambazo jicho hulazimika kuzitafuta, zikafikia takriban mara 20 ya nguvu ya zile nene. Kioo kilikuwa kile kile. Siri yake ni nyufa ndogo zisizoonekana: katika kipande kikubwa cha kioo hazikosekani, ilhali katika uzi mwembamba mno hapana hata nafasi ya ufa mkubwa kukaa.

Basi ikiwa uzi wa kioo una nguvu namna hiyo, vipi tutajenga chombo kwa nyuzi? Uzi haukai peke yake. Huhitaji kitu cha kuzishika nyuzi pamoja, kugawa mzigo baina yao na kuzikinga zisikwaruzane. Kitu hicho ni polima. Polima ni jina la jamii ya vitu ambavyo chembe zake zimeungana minyororo mirefu mirefu. Plastiki, mpira na nailoni vimo humo, na hata pamba ya leso zenu imo. Polima itumikayo katika maboti huitwa resini. Huja katika pipa ikiwa nzito kama asali, hutiwa dawa ya kugandisha, hupakwa juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo, na baada ya saa chache huwa ngumu wala haiyeyuki tena. Katika miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vilipata njia ya kuzalisha nyuzi za kioo kwa wingi, na katika muongo uliofuata yakaanza kujengwa maboti. Huo muungano wa nyuzi na resini ndio wataalamu huuita nyenzo changamano, na sisi huuita faiba.

Hapa ndipo nilipostaajabu zaidi. Kioo ni chepesi kuvunjika. Resini iliyoganda peke yake pia ni nyepesi kuvunjika. Fundi alinipa kipande chake kilichosalia katika kopo, nikakipiga kwa jiwe, kikaruka vipande. Lakini vitu hivi viwili vikiungana, huzaa kitu ambacho nyundo hukidunda. Ustahimilivu huo umetoka wapi, ilhali haumo kwa yeyote kati ya wazazi wawili?

Jawabu lilifafanuliwa mwaka 1964 na Waingereza wawili, J. Cook na J. E. Gordon. Walionyesha kwamba ustahimilivu hukaa mpakani, pale uzi na resini zinapokutana. Ufa hukimbia ndani ya resini. Kabla haujaufikia uzi, mvuto ulio mbele ya ncha yake huuachanisha kidogo mpaka wa uzi na resini. Ufa unapofika hukuta uwazi, hugeuka ukafuata urefu wa uzi badala ya kuukata, na ncha yake kali huwa butu. Ni kama yule mwenye kupasua kitambaa akikuta mkononi mwake tundu badala ya nyuzi. Mchaniko haukusanyi tena nguvu mahali pamoja. Na nyuzi zilizokatika nazo hazikubali kuondoka bila malipo. Zinapochomolewa ndani ya resini husuguana nayo, na msuguano huo hula nguvu ya pigo, kama unavyochoka kwa kung'oa msumari mrefu kuliko kwa kuupigilia.

Katika hili mna hikima ambayo yataka kusomwa mara mbili. Ikiwa mshikamano wa uzi na resini ni dhaifu kupita kiasi, nyuzi huteleza ovyo, hazibebi mzigo, na chombo huwa kama mkeka uliolowa uji. Ikiwa mshikamano ni mkali kupita kiasi, ufa haupati pa kugeukia. Huzikata nyuzi moja kwa moja na chombo kizima huvunjika kama kioo. Viwanda hupaka nyuzi za kioo dawa nyembamba mno kabla hazijafika kwa fundi, na kazi yake ni kuupata mshikamano wa kadiri: wa kutosha kupitisha mzigo siku za salama, na wa kuachia kidogo siku ya pigo.

Wazee wetu waliijua sehemu ya jambo hili bila ya hesabu. Nyumba ya udongo ina nguzo, na fito zimefungwa juu yake, kisha udongo ukajazwa. Udongo wa ukuta hupata nyufa kila kiangazi, na nyumba husimama miaka, kwa kuwa kila ufa hukwama kwenye ufito. Hata mpasua kuni anafahamu: shoka likifuata nyuzi, gogo hupasuka kwa pigo moja, likipigwa kuzikata nyuzi, jasho litamtoka. Na mti ni nyenzo changamano aliyoiumba Mola kabla ya karakana yoyote.

Mfano ulio mwembamba zaidi ni upinde wa Waturuki wa zama za Uthmaniya. Ulikuwa na moyo wa mti; upande unaomtazama mpiga mishale ulibandikwa pembe ya mnyama, na upande wa pili ukabandikwa kano. Pembe hustahimili kubanwa, kano hustahimili kuvutwa, na kila kimoja kiliwekwa mahali ambapo mzigo wake ungefika. Gundi ilitokana na wanyama na samaki, na upinde uliachwa kukauka kwa muda mrefu, pengine mwaka na zaidi, kabla ya kutumika. Fundi aliposikia habari hiyo alicheka akasema, "Na hawa walikausha kiraka kwa saa sita."

Na aliye karibu nasi kuliko Waturuki ni chaza. Chukueni gamba la chaza wa lulu mtazame ule upande wa ndani unaometameta rangi. Kwa uzito, sehemu 95 katika 100 za kitu kile ni madini ya jamii ya chokaa, na madini hayo yakiwa peke yake huvunjika kama chaki. Lakini ndani ya gamba yamepangwa kama matofali mapana, kila tofali likiwa na unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na baina yake mna utando wa protini, ambayo nayo ni polima. Pigo likija, matofali huteleza kidogo juu ya utando, utando huvutika bila ya kukatika, na ufa hulazimika kupita vichochoro kama mgeni katika mji wa Lamu. Waliopima kazi inayohitajika kulivunja gamba hilo waliikuta ni takriban mara 3,000 ya ile ya madini yake matupu. Wahandisi wa leo wanajaribu kuiga mpango huo kwa kupanga tabaka za kitu kigumu na polima laini, na bado chaza amewatangulia.

Kabla sijarudi kwa dada yangu, nimtaje mwanamke mmoja, kwani wasomaji wengi wa kurasa hizi ni kina mama na mabinti, na baadhi yao husoma kemia shuleni wakidhani ni somo la watu wengine. Mwaka 1965, Stephanie Kwolek, mwanakemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alikuwa akitafuta uzi mwepesi wenye nguvu wa kutia katika matairi. Alipata mchanganyiko uliokuwa mwepesi kama maji na wenye ukungu, ilhali michanganyiko ya kazi ile ilizoeleka kuwa mizito na angavu. Aliyesimamia mashine ya kusokota aliogopa kwamba ungeziba vitundu vyake. Bibi yule alishikilia hadi ukasokotwa, na uzi uliotoka ndio ule unaoitwa Kevlar, ambao kwa uzito ulio sawa una nguvu mara tano ya chuma cha pua. Leo hufumwa katika fulana za kuzuia risasi na hutiwa katika resini za vyombo vya baharini. Wengine wangeumwaga.

Upo pia mlango mwingine wa ustahimilivu usiohitaji uzi wowote, nao ni kuchanganya kigumu na mpira. Plastiki iitwayo polistirini ikiwa tupu huvunjika kwa urahisi. Vile vikombe vyembamba vyenye kung'aa vya karamu, ambavyo hupasuka ukivibana mkononi, ni mfano wake. Wakitia ndani yake chembechembe ndogo za mpira, kila chembe huwa kama mlinzi wa zamu: ufa ukikaribia, mpira huvutika na kuigawa nguvu ya pigo kwa pande nyingi. Kwa njia ya jamii hiyo hutengenezwa plastiki ya ABS, ambayo ni ganda la kofia nyingi za bodaboda. Nyingine huwa na ganda la faiba. Kwa aina zote mbili, ganda ni nusu ya kazi. Ndani yake lazima muwe na povu gumu jeupe, lile linalofungiwa televisheni, kwa sababu povu hilo husagika polepole na kulipunguza pigo kabla halijafika kwenye ubongo. Kofia isiyo na povu hilo, au yenye kitambaa cha sifongo tu, ni bakuli. Na iliyokwisha kupata ajali, hata ikionekana nzima, povu lake limekwisha kubanwa na halirudi. Mama anayempandisha bintiye bodaboda kila asubuhi kwenda shule anayo haki ya kugeuza kofia akatazama ndani.

Hapa Lamu tunayo pia shahidi ya upande wa pili, upande wa kandambili. Septemba mwaka 2018 lilishushwa majini dau la mita 9 linaloitwa Flipflopi, lililojengwa na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likafunikwa kwa kandambili takriban 30,000 zilizookotwa fukweni. Mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Plastiki ya namna ile haipasuki kwa wepesi, lakini hupinda zaidi ya mbao, kwani mbao ina nyuzi ndani yake na plastiki iliyoyeyushwa haina. Ndiyo maana mwenye kujengea plastiki tupu hulazimika kutumia vipande vinene. Watu walilitazama dau lile kwa rangi zake. Mimi nililitazama kwa ujasiri wa mafundi waliochonga mataruma kwa kitu ambacho hakuna babu aliyewafundisha kukichonga.

Turudi kwenye kiraka. Fundi alilipindua boti, akaonyesha makosa mmoja mmoja. Waliotengeneza hawakukwangua rangi. Walibandika juu ya rangi, na kwa hivyo kiraka kilishika rangi, si boti. Hawakuosha chumvi kwa maji baridi wala hawakungoja pakauke. Na kwa haraka yao walizidisha dawa ya kugandisha. Resini ya poliesta huhitaji kadiri ya gramu 10 hadi 20 za dawa kwa kilo moja, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji na joto la siku ile. Ikizidi, mchanganyiko huchemka wenyewe hata ukatoa moshi, na ukiganda huwa mkavu wenye nyufa za ndani. Ikipungua, hubaki unanata wiki nzima.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ni umbo. Kiraka kile kilikuwa kinene na kigumu, kisha kikakoma ghafla kama ukingo wa meza. Boti likipigwa na mawimbi ubavu wake hupinda kidogo. Kiraka hakikukubali kupinda nao, na mvutano wote ukakusanyika penye ukingo wake. Ni mkasi wa muuza vitambaa kwa mara nyingine. Kiraka sahihi huanza kwa kuchimbwa. Fundi husaga kuzunguka ufa kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa ubavu. Ikiwa ubavu una milimita 6, mteremko uenee milimita 72 kila upande. Kisha tabaka hupangwa moja baada ya moja juu ya mteremko huo, kila moja ikikandamizwa kwa rola ili hewa itoke, kwani kila povu la hewa ni ufa uliokwisha kuzaliwa. Hivyo mzigo hupita kutoka kwa boti kwenda kwa kiraka polepole, na hapana mahali pa kujikusanyia.

Msomaji makini ataniuliza: je, si nimesema hapo juu kwamba mshikamano usiwe mkali kupita kiasi? Nilisema hivyo juu ya uzi mmoja na resini yake, ambapo nyuzi ni maelfu na moja ikiachia zimebaki nyingine. Kiraka na boti wana mpaka mmoja tu. Huo ukiachia, hakuna wa pili.

Fundi alishauri tutumie epoksi badala ya poliesta, kwa sababu epoksi hushikamana vizuri zaidi na faiba iliyokwisha kuganda zamani. Ni ghali zaidi. Nilidhani jambo litaishia hapo, lakini dada yangu, ambaye bado alikuwa hajaiondoa marufuku yake, alitoa fedha za upatu wake. Alisema anafanya hivyo ili boti lipate kuuzika.

Kazi ilichukua siku tisa. Nitaje mambo mawili yanayowahusu walio nyumbani. Vumbi la faiba ni vipande vya kioo. Fundi avae barakoa na miwani, na nguo zake zisitiwe katika beseni moja na nguo za watoto. Mke wa mpwa wangu alifanya hivyo siku ya kwanza, na mtoto mchanga akakesha akijikuna na kulia, wakidhani ni harara. Na dawa ya kugandisha, ambayo huja katika chupa ndogo inayofanana na ya dawa ya kawaida, ikiingia machoni huweza kupofusha. Isikae ndani ya nyumba kabisa, wala resini isichanganywe chumbani, kwani mvuke wake hulevya na hushika moto.

Siku ya kumi tulikwenda sote kulitazama boti. Fundi alimpa dada yangu sarafu ya shilingi 20. "Bi mkubwa," akamwambia, "kifundo cha kidole hakisemi kitu. Gonga kwa hii, usikilize." Akamweleza kwamba mahali ambapo tabaka zimeshikana mlio huwa wa wazi, na palipoachana mlio huwa mzito, umekufa. Hakuhitaji kuendelea. Dada yangu amenunua vyungu na mitungi sokoni kwa miaka arubaini, na hajapata kununua hata kimoja bila ya kukigonga na kukitegea sikio.

Aligonga kiraka chote, shubiri kwa shubiri, kukawa kimya isipokuwa ule mlio. Kiraka kilikuwa kizima. Hakukoma hapo. Alishuka upande wa pili akaenda akigonga ubavu wote, sisi tukimfuata, hadi karibu na tezi akasimama. Akagonga tena. Akamwita fundi. Penye upana wa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na ufa wala alama, mlio ulikuwa umekufa. Fundi aligonga mwenyewe mara tatu, akanyamaza, kisha akachukua mashine ya kusaga. Chini ya rangi nzuri tabaka mbili zilikuwa zimeachana, yamkini tangu siku ile ile ya mwamba, na baina yake mna maji.

Boti lilikaa mchangani siku nane nyingine. Lilishuka wakati wa bamvua ya mwezi uliofuata, mpwa wangu akiwa kwenye mashine na mama yake ameketi omo, kwa safari ya kwenda Faza na kurudi. Lile neno la kuliuza halikutajwa tena. Ile sarafu haikutumika. Imo ndani ya kisanduku cha boti, pamoja na plagi za akiba na bisibisi.